Kizibao cha Kiangazi

"Sema alikuja kunywa uji kwako. Basi. Neno moja tu, mpenzi."

Nyamizi alishika simu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya kwa mkia. Mvua ilikuwa inalipiga bati la banda lake la uji. Masika ya pale gatini si ya kuchezea. Mwaka ule hata sangara walionekana wakipanda ngazi kutafuta pa kujikinga.

"Davis, Baba Loveness alikuwa na mfuko wa saruji kichwani. Nilimwona kwa macho yangu akiteleza kwenye ubao wa boti. Nani anakuja kunywa uji na mfuko wa saruji?"

"Hakuwa na kizibao."

"Si ulimvua wewe?"

Kweli, alimvua yeye. Davis alikuwa msimamizi wa makuli, na kila mawingu ya kwanza yalipotanda ziwani alipita akikusanya vile vizibao vya njano. Kiangazi, ubao ukiwa mkavu kiasi cha mlevi kupita akicheza, kila kuli alikuwa na kizibao chake na bima ilimtambua. Masika, ubao ukiteleza kama mgongo wa kambare, watu walewale walibeba mizigo ileile kifua wazi. Mtu akianguka, msimamizi aliwaambia wa bima kwamba huyo ni mpita njia. Hivyo gati halikuwa na ajali, bosi alichekelea na Davis alisifiwa.

Sasa huyo Baba Loveness, jina lake Januari, mtu ambaye Nyamizi humwamkia shikamoo, alikuwa amelala hospitali na paja lililovunjika vipande.

"Bima ikimkataa hapasuliwi, na asipopasuliwa mguu ule hausimami tena," alisema Nyamizi. "Wewe unalijua hilo."

"Nikisema alikuwa kazini, bosi ananifukuza. Jumamosi nakuja kwenu Samuye na ng'ombe wa mahari. Unataka nije mikono mitupu?"

"Njoo na ukweli, hata kama umekonda."

Kesho yake simu iliita tena. Namba ngeni.

"Naongea na Nyamizi wa uji? Mimi naitwa Boaz, wa bima. Kuna jambo nauliza, dada, usinielewe vibaya."

"Uliza, kaka."

"Msimamizi anasema majeruhi hakuwa anabeba mzigo. Alikuja kukuona wewe. Kwamba ninyi wawili mna... mazoea. Ya muda mrefu."

Mwiko ulimponyoka Nyamizi ukazama kwenye sufuria.

"Nani kasema hivyo?"

"Davis."

"Huyo Davis ni mchumba wangu."



"Pole, dada."

"Kaka Boaz, yule mzee alikuwa kazini. Andika."

"Nitaandika, lakini haitatosha. Umeshatajwa kama mhusika. Labda msimamizi mwenyewe afute kauli yake."

Nyamizi alizima jiko, akamwandikia Davis ujumbe.

"Umemwambia mtu wa bima mimi ni hawara wa Baba Loveness?"

Jibu lilikuja upesi, na kikatuni cha moyo juu yake.

"Punguza hasira kipenzi. Hayo ni maneno ya bima tu, hayavuki mji wa Buseresere kufika kwenu. Tukishaoana nani atakumbuka?"

Nyamizi alifunga banda. Alipanda basi kwenda kwao.

Jumamosi ng'ombe waliingia Samuye wamenona, huyu akimsukuma yule. Wazee wa pande zote walikaa, mshenga Mwigulu akapiga maneno matamu mpaka mbu wakasahau kuuma. Kisha Mzee Bujiku, baba yake Nyamizi, akamwita bintiye kwa lile swali ambalo bila jibu lake hakuna ng'ombe anayefungwa zizini.

"Mayu, mama yangu, unamfahamu huyu kijana? Tupokee?"

Mabinti huinama na kujibu kwa sauti ya kunong'ona. Nyamizi alisimama wima.

"Namfahamu, baba. Ila kwanza naomba yeye aseme kama ananifahamu mimi."

"Nyamizi," alisema Davis taratibu, "haya tutaongea wawili."

"Uliongea na bima bila mimi. Wazee, huyu bwana amemwambia mtu wa bima kwamba mimi ni hawara wa kuli, baba wa watoto, ili yule mzee aliyevunjika mguu aonekane alikuja kwangu, hakuwa kazini. Sasa Davis, chagua. Kama ulisema kweli, umeleta ng'ombe kwa mwanamke wa mtu. Kama ulisema uongo, simu hii hapa, futa kauli yako."

Mzee mmoja wa upande wa Davis alikohoa.

"Kijana, ulisema hivyo?"

Davis alitazama ng'ombe, akatazama wazee. Jasho lilimtoka la kunywesha kundi lile lote.

"Yalikuwa maneno ya kazi tu, mzee."

"Nimeuliza kama ulisema."

Nyamizi alikwishapiga, sauti iko juu.

"Boaz hapa."

"Kaka Boaz," alisema Davis akimeza mate, "ni mimi msimamizi. Yule Januari... alikuwa kazini. Alikuwa anabeba saruji. Vizibao nilivichukua mimi."

"Na yule dada?"

"Nilimsingizia."

"Nimekupata. Nawapigia hospitali sasa hivi, na Jumatatu nakuja gatini kukagua watu wote, si mmoja."

Simu ikakatika. Mwigulu, mshenga wa kweli, akapata mwanya.

"Basi wazee, kijana ameungama mbele yetu. Mguu utatibiwa, jina limesafishwa. Ng'ombe waingie zizini?"

Mzee Bujiku alimgeukia bintiye.

"Mayu?"

"Baba, uliniuliza kama namfahamu," alisema Nyamizi akijifunga khanga vizuri. "Namfahamu. Huyu ni kizibao cha kiangazi, mvua ikinyesha unavuliwa. Warudisheni ng'ombe kabla njia haijateleza."