Pete Kumi na Moja za Mvule

Jumamosi, tarehe 8 Machi 1986, saa nne asubuhi, manyunyu yakipita Bugwema, Florian aliangusha mvule aliopewa na kaka yake, Leodgar. Florian alikuwa fundi mitumbwi wa Makoko. Bei ya mbao haikushikika mwaka ule, lakini kaka hakudai hata shilingi. Alitoa sharti moja tu.

"Uukate kwa mkono wako, mdogo wangu. Usiweke kibarua."

Mti ulipolala, ulitoa harufu ya chumba cha mgonjwa. Kiini kilikuwa kimeoza, cheusi kama masizi. Katika sehemu iliyobaki nzima mlikuwa na msumari uliozungushiwa kitambaa chekundu, ncha yake ikigusa uozo. Florian alihesabu pete za ukuaji kutoka ganda hadi kichwa cha msumari: kumi na moja. Kwa hiyo ulipigwa 1975, mwaka ambao Thadeo, mwana wa Leodgar, aliponea chupuchupu kufa kwa ugonjwa.

Magogo yalipofika Makoko, Hana, bintiye Florian wa miaka sita, aliacha kula. Adhuhuri moja, msumeno ukiwa umetundikwa, mkwaruzo ulisikika ndani ya magogo, ukavuka uani, ukapanda ukutani, ukaingia chumbani alikolala mtoto, na ulipokoma, Hana mwenyewe akaanza kukwaruza ubao wa kitanda kwa kucha, kwa mwendo uleule, bila kupepesa.

"Baba," alinong'ona, "anasema kwangu bado hakujaoza."

Dorotea, mkewe Florian, alikimbia kumleta Bibi Bhoke, mganga. Alipouona msumari, bibi alirudi nyuma.

"Huu niliupiga mimi. Leodgar alinileteaga mtoto wake, nikamfungia jini mtini. Anakula kiini mpaka atoke. Mti ukianguka wenyewe, anamrudia Thadeo. Ukikatwa, anaingia kwa mtoto wa mkataji."

"Kaka alijua?"

"Alikuja kuniuliza hilo mara mbili, baba. Nikadhani ni woga tu."

"Dawa haipo?"

"Ipo. Aliyeniletea mgonjwa mwanzo aushike msumari, niupige kwenye mti mwingine. Mkono mwingine jini hautii."

Florian alifika Bugwema kwa baiskeli, suruali imelowa tope. Leodgar hakukana. Alificha mikono makwapani.

"Kaka, ushike tu. Kidogo tu. Hana amekuwa ngozi na mifupa."

"Nikiushika, jini atanikumbuka."

"Tumenyonya ziwa moja!"

Leodgar alitazama pembeni. "Wewe unao watano, mdogo wangu. Mimi ninaye mmoja."

Florian alirudi Makoko jua likizama. Dorotea, aliyeketi kando ya Hana aliyefunikwa shuka hadi kichwani, hakuinuka. Watoto waliotoka kumpokea baba yao walikuwa wanne.