Chumvi ya Ng'ombe Bustanini

Kila akirudi kutoka shule, Nalepo alivua sare, akala kiporo cha makande akiwa amesimama, kisha akachukua jembe na kushuka bustanini. Kwao Olmotonyi, mlimani, kila mtoto alikuwa na kazi yake, na ya kwake ilikuwa kupalilia. Mama yake aliuza sukuma wiki na mnavu katika soko la Ngaramtoni, na bustani ile ndiyo iliyowalisha na kuwavisha.

Adui wa Nalepo alikuwa ndago. Magugu hayo hayana haya hata kidogo! Ukiyang'oa leo, keshokutwa yamechomoza tena, na safari hii yameita ndugu zao. Nalepo alilima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mama alipopita aliangalia tu na kuuliza, "Hapa umelima au umekwangua?" Mama akishaondoka, Nalepo aliketi juu ya tuta na kulia, kwa sababu hakujua afanye nini zaidi.

Siku moja alimwonyesha rafiki yake Salha viganja vyake. Familia ya Salha ilikuwa imehamia kutoka Kimandolu, mjini.

"Unajitesa bure," Salha alisema. "Baba yangu mdogo wala hashiki jembe. Anachanganya siki na chumvi, anamwagia majani yanayoota katikati ya vitofali vya uani. Yanakauka yote."

"Sisi siki hatuna."

"Chumvi je?"

Chumvi walikuwa nayo, tena tele. Zizini kulikuwa na mfuko mzima wa chumvi ya ng'ombe. Jumamosi, Mama alipokwenda sokoni, Nalepo aliikoroga kwenye ndoo ya maji mpaka yakawa mazito. Akachota kwa kikombe, akamwagia ndago zote zilizokuwa kwenye vijia kati ya matuta ya chini. Alikuwa mwangalifu kweli kweli, hata tone moja halikugusa mboga.

Haikupita muda ndago zikawa kahawia. Mama alishika kiuno akashangaa. "Leo mwanangu umelima!" Nalepo alitabasamu, akazimeza sifa zile bila kueleza alichofanya.

Kisha ikafika zamu yao ya maji. Huko mlimani maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu, na zamu ikifika hakuna anayelala. Mama alifungua mlango wa mfereji, maji yakashuka kwenye vile vijia kati ya matuta, yakazama ardhini pamoja na chumvi yote iliyokuwa pale.

Baada ya siku chache sukuma za matuta ya chini ziliungua kingo, kisha zikalala. Mnavu nao ukafuata. Nalepo alielewa mara moja. Alichota maji ya kunywa akazimwagia kwa siri, lakini ndoo moja ingefaa nini? Asubuhi alikuta majani mengine yamelala. Kila alipotaka kumwambia Mama, alijiambia kwamba labda kesho mboga zingeamka.

Hazikuamka. Mama alimwita Mzee Abdiel, msimamizi wa mfereji, aje kutazama.

"Shikamoo, babu," Nalepo alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mjukuu wangu." Mzee aligeuza jani moja, akaguna. "Ugonjwa huu unafanana na mnyauko."

"Hata mimi nimefikiri hivyo," Mama alisema. "Mnyauko ulimaliza nyanya zote za Mama Tajeu. Nang'oa bustani nzima nichome, nisije nikawaambukiza majirani."

Akaanza na matuta ya juu, yaliyopakana na shamba la jirani, ambako mboga zilikuwa bado nzima. Aling'oa shina la kwanza la sukuma, kijani kibichi, akalitazama, na machozi yakamtoka. Nalepo hakuwahi kumwona mama yake akilia bustanini. Mama akafuta uso, akashika shina la pili.

"Mama, usiling'oe!" Nalepo alipiga kelele. "Si ugonjwa. Ni mimi. Nilimwagia ndago chumvi ya ng'ombe."

Mama aliachia shina, akaketi pale pale kwenye udongo.

"Nani alikufundisha hayo?"

Nalepo alieleza yote, akilia. Mzee Abdiel alitikisa kichwa.

"Uani sawa, pale hapapandwi kitu," alisema. "Lakini chumvi haikai ulipoiweka, inafuata maji. Itabidi tuioshe kwa maji mengi mpaka itoke udongoni. Nitazungumza na wa zamu ya leo watuachie maji."

Jirani yao Mama Tajeu aliwaachia zamu yake ya siku hiyo bila maneno mengi. Walichimba njia upande wa chini, maji yakapita matutani na kuishia kwenye mtaro wa barabara, mpaka jua likazama. Matuta ya chini hayakupona. Yale ya juu yalisalimika, na hayo yalitosha kumrudisha Mama sokoni.

Wiki iliyofuata Mama alimwonyesha Nalepo namna ya kuifuata ndago mpaka kwenye kiazi chake kidogo chini ya ardhi, kisha kufunika udongo kwa majani makavu ya mgomba. Maji ya moto yaliyobaki jikoni walimwagia magugu ya njia ya kwenda zizini, mbali na mboga.

"Mwanangu," Mama alisema, "chumvi ilikuwa kosa, na kila mtu hukosea. Lakini ningeng'oa bustani nzima, nawe umesimama pale unajua. Ukikosea, sema mapema, kungali na cha kuokoa. Na kazi ikikushinda, sema pia. Sikukupa jembe ili ulie peke yako."

Nalepo alitazama ndago zilizobaki, kisha viganja vyake.

"Imenishinda, Mama."

"Basi sogea," Mama alisema, akaenda kuchukua jembe la pili.