Mshonaji wa Kwenye Fremu

Jumatatu mwanamke wa kwenye picha alikuwa akiwatazama watu waliokaa sebuleni. Alhamisi alikuwa akitazama sindano.

Bibi Fundi aliliona hilo akiwa na kikombe cha chai mkononi, akasimama palepale. Picha yenyewe ilikuwa tangazo la kale la cherehani, ambalo mke wa mwanawe alilitia kwenye fremu na kulitundika juu ya kochi: bibiye mwenye kiuno cha nyigu, kucha nyekundu, kitambaa cheupe mbele yake na meno yote nje. Siku ilipotundikwa, Bibi Fundi aliicheka waziwazi.

"Nani anashona huku anawakenulia wageni? Huyu atajishona vidole. Na aliyemchora hajawahi kubandika hata kifungo."

"Mama naye," mkwewe akasema. "Ni pambo tu. Watu wanazitafuta hizi kwa udi na uvumba."

Pambo. Mtu umeinamia mashine mpaka mgongo umepinda na macho yamekwisha, halafu anayetundikwa ukutani ni mwanamke asiyetoka jasho, na cherehani yako imesukumwa nyuma ya mlango wa stoo. Lakini picha aliiacha ilipo. Nyumba ni ya mwanawe.

Siku hiyohiyo alimpima mjukuu wake sare ya shule, yule mtoto waliyemwita Kifungo kwa udogo wake. Alimsimamisha chini ya picha, akazungusha tepu, akaita vipimo kwa sauti kama alivyozoea dukani, ambako hakukosekana mtu wa kuviandika: kifua, bega, mkono, urefu. Hapa hapakuwa na wa kuandika. Mdomo ulikwenda wenyewe tu.

Ukutani kukaitika: tak-tak-tak. Alidhani ni kwa jirani.

Sasa, Alhamisi, sebule ilinuka mafuta ya mashine, na kile kitambaa cheupe kilikuwa kimeota kola. Kilikuwa gauni. Gauni dogo.

"Bibi," Kifungo akamwita kutoka kwenye kochi. "Mkono umelala."

"Umeulalia."

"Sijaulalia. Umelala wenyewe."

Akamvua blauzi. Begani, pale mkono unapoungana na mwili, palikuwa na vitone vyekundu vilivyopangwa mstari mmoja, vyenye nafasi sawasawa, na Bibi Fundi hakuhitaji miwani kujua kwamba mbu hang'ati hivyo. Akainua macho. Gauni la pichani lilikuwa limepata mkono mmoja.

"Mama, unamwonea wivu mwanamke wa karatasi?" mwanawe akatania alipoitwa. Kisha akaliona bega la Kifungo, na utani ukamkauka mdomoni.

Mwanawe aliishusha picha, akavunja kioo, akaichoma uani na fremu yake, akaisimamia mpaka ikawa majivu, na majivu yale yaliyopoa, yasiyo na karatasi wala gurudumu wala sindano, yakaendelea kulia tak-tak-tak, taratibu, bila pupa, huku ndani mkwe akipiga yowe kwamba mkono wa pili nao umelegea na mtoto sasa hasikii kitu kuanzia shingoni kushuka.

Ndipo Bibi Fundi alipoelewa alichofanya. Alikuwa ametoa oda.

Akatoka na tepu yake. Mkwe akamshika kanga. "Mama, unakwenda kufanya nini?"

"Niache. Fundi haachi kazi kwa matusi wala kwa moto. Anaiacha akiletewa ya haraka zaidi."

Akachuchumaa mbele ya majivu. "Fundi mwenzangu," akanong'ona, "hiyo ya mtoto ifumue. Mwenye oda ni mimi, nami nimebadili." Akajizungushia tepu, akaita vipimo vyake mwenyewe, kimoja kimoja, bila kupunguza.

Tak-tak-tak ikakoma. Kisha krr, krr, sauti anayoijua kuliko jina lake: mshono ukifumuliwa.

"Bibi, mikono inanichomachoma," Kifungo akasema kutoka ndani, na mama yake akaketi sakafuni akilia.

Jioni ile mkwe alimwekea Bibi Fundi mto mgongoni, akamsogezea maji ya moto ya miguu. "Mama, sema basi. Nikupikie nini?"

Bibi Fundi alitaka kumjibu, midomo isifunguke. Akapeleka kidole kwenye pembe ya mdomo, akagusa kitone, kisha kingine pembeni yake, kisha kingine, vikielekea upande wa pili kwa mstari ulionyooka, kazi safi ambayo hata yeye asingeitoa kasoro.