Joto la Kiti cha Nyuma

Kila asubuhi watoto waligombania kiti cha nyuma cha gari la shule utadhani kimepakwa asali. Baridi ilikuwa kali, madirisha yote yalifungwa, lakini sakafu ya nyuma ilitoa kajoto kalikopanda hadi magotini. Mshindi alikuwa yuleyule: kitinda mimba waliyemwita Kifungo kwa udogo wake, aliyejipenyeza katikati ya miguu ya wakubwa.

"Kaa na baridi yako, dada!" alimtania dada yake wa darasa la sita.

Wakishuka, wa nyuma walilalamika kwamba vichwa vinawagonga. "Acheni kukesha na simu," aliwajibu mwalimu wa zamu.

Dada mtu alikitazama kitundu kilichotoboka sakafuni, chini ya kiti cha nyuma. Wakati wa likizo alikuwa amemshikia mjomba wake tochi gereji, gari hilohilo likiwa juu ya mawe. Mjomba alikata kopo la chuma kwenye bomba la moshi, akaligongagonga hadi likatema sega la kijivu lenye vitundu vingi kama la nyuki. Sega akalitia guniani. Kopo tupu akalirudisha na kulichomelea harakaharaka, nyufa zikibaki.

"Mjomba, mbona unarudisha tupu?"

"Ili wenye gari walale usingizi. Sega lina chembe za platini, lina wanunuzi wake. Gari litakimbia vilevile. Ulichokiona, kimeze."

Akakimeza. Tangu baba yao afariki, mjomba ndiye aliyewalisha.

Asubuhi moja ya mvua gari lilikwama matopeni, injini ikiendelea kunguruma. Walipofika shuleni, Kifungo hakushuka.

"Amka wewe, mzaha gani huo?" Dada alimvuta mkono. Mkono ukaanguka kama kitambaa kilicholowa.

Hospitalini, daktari alimuuliza mama, "Amekula nini?"

"Chai na mkate tu, daktari."

"Ni homa hiyo," mjomba alidakia. Alikuwa amekuja mbio, ovaroli imejaa grisi. Akamtazama mpwa wake msichana, akatikisa kichwa kidogo sana.

Msichana alisogea kitandani. Akamwangalia Kifungo, midomo imelegea, macho yamefumba.

"Ni moshi!" alilipuka. "Mjomba alitoa sega kwenye bomba, na sakafu ya nyuma imetoboka!"

Daktari hakuuliza mara mbili. Alimvisha mtoto barakoa ya oksijeni, akaagiza wote waliokaa nyuma waletwe upesi.

Baadaye, gari lilipokwisha kukaguliwa, alimweleza mama. "Injini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu na kuinyima oksijeni nafasi. Kwenye sega, metali kama platini huiunganisha gesi hiyo na oksijeni, ikawa kaboni dayoksaidi, ambayo si kali hivyo. Metali yenyewe haiishi kwa kutumika, na ni ghali. Ndiyo maana inaibwa. Huyu fundi aliondoa sega, akaacha bomba likivuja."

Watoto wengine wa nyuma walipona. Kifungo alizinduka, lakini vidole vyake vilitetemeka, vikashindwa hata kufunga shati. Polisi walimchukua mjomba, na gereji ikafungwa. Gari lilitengenezwa kwingine, likawekwa sega jipya na sakafu nzima.

Bibi alikuja nyumbani macho yamevimba, akamkabili msichana. "Umemfunga mjomba wako aliyekulisha! Utaenda kumwomba radhi."

"Mama," mama alisema, "ni kaka yangu, na ninamlilia. Lakini mtoto huyu angenyamaza saa moja zaidi, tungekuwa tunachimba kaburi." Akamgeukia binti yake. "Na wewe, ukiona jambo linalohatarisha watu, sema siku hiyohiyo, hata kama aliyelifanya ndiye anayekupa chakula. Ulichelewa. Usichelewe tena."

Msichana alikuwa amepiga magoti, akimfunga ndugu yake shati la shule. Hakuinua kichwa.

"Kuchelewa kunaniuma, bibi. Huyu nimeshamwomba msamaha," alisema. "Mjomba simwombi."