Sentensi Iliyorukwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Redio alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, kisha akamtilia mama yake uzi kwenye sindano. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu kila kilichoandikwa alikisoma kwa sauti, hata lebo za mashati.

"Redio yenu haizimwi?" alitania mpiga pasi, jirani yao.

"Betri mpya hizo!" mama akajibu, akacheka.

Kicheko kilikuwa kizito kama cha mwanamume, na hicho ndicho kilichomchoma Redio. Zamani mama alikuwa na sauti nyororo. Sasa pua na taya zilikuwa zimepanuka, pete ilikatwa kidoleni kwa koleo, na macho hayakuona vizuri vitu vya pembeni. Daktari alikuwa ameeleza: uvimbe umeota kwenye tezi ya pituitari, kitezi kidogo kama punje ya njegere kilicho chini ya ubongo. Uvimbe huo ulimwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi, tena ulibana mishipa ya macho. Angepasuliwa Jumatatu, vifaa vikipitishwa puani. Akichelewa, angeweza kupofuka.

Mtu aliyesafiri utamwandikia barua. Lakini Redio alimtamani mama yake wa zamani, ilhali mama huyohuyo aliketi naye meza moja. Angemwandikia nani?

Ijumaa, kwenye simu ya mama, alikuta makala kuhusu gesi ya haidrojeni na uvimbe wa tezi ya pituitari.

"Hebu nisomee, mwanangu. Herufi hizo siku hizi zinanikimbia."

Redio akasoma: "Watafiti wameona kwamba haidrojeni ilipunguza kasi ya kukua kwa seli za uvimbe huo." Macho yake yakatangulia mbele: *Jaribio lilifanyika kwa seli zilizooteshwa maabara. Bado haijulikani kama haidrojeni itawafaa wagonjwa.* Akakumbuka vifaa vile vya puani. Akaruka hapo, akamalizia, "Ni habari ya kutia moyo."

Mama akaacha kushona. "Kumbe! Basi ya nini kupasuliwa? Tungoje hiyo haidrojeni. Nitamwambia mjomba wako asije kunipeleka hospitali Jumatatu."

Redio alifurahi, ila alizima simu upesi, mama asije akataka kusomewa tena.

Kesho yake mama alitoka nje na nguo za mteja. Baiskeli ikatokea ubavuni.

"Dada, baiskeli!" Mpiga pasi alimvuta kiwiko. Nguo zikaanguka vumbini.

"Sikuiona kabisa," mama alinong'ona.

Mpiga pasi aliokota nguo, akazikung'uta, akazipiga pasi upya, kisha akasogeza meza yake ukutani ili mama apate njia pana. Redio akaona aibu. Jirani alimpisha mama njia, naye mtoto wake alikuwa ameiziba.

"Mama, jana nilikusomea nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya makala. Waliijaribu maabara tu, si kwa watu. Niliruka."

Mama akamgeukia. "Kwa nini, mwanangu?"

"Niliogopa wasikuumize. Na nilitaka urudi ulivyokuwa."

"Lete simu. Soma yote, usibakize hata nukta."

Redio akasoma huku akilia. Alipomaliza, mama alifuta machozi ya mtoto kwanza, ndipo akafuta yake. "Haya, mpigie mjomba wako. Mwambie Jumatatu iko palepale."

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya kumtembelea, Redio alimkuta mama na pamba puani, na mama akamwona tangu alipofika mlangoni.

"Daktari, sauti yake ya zamani itarudi?" Redio aliuliza.

Daktari aliinama wakatazamana. "Macho yanaendelea vizuri. Mikono itapungua kidogo. Sauti na mifupa ya uso, siwezi kukuahidi."

"Na haidrojeni?"

"Watafiti waendelee, huenda siku moja ikafaa. Ila kutoka maabara hadi kitandani kwa mgonjwa ni safari ndefu, mwanangu. Ukiificha safari hiyo, mgonjwa hupotea njiani."

Mama akamvuta Redio kwa mkono wake mkubwa, wenye joto.

"Mama yule wa zamani hata mimi namtamani," alisema kwa sauti yake nzito. "Lakini habari mbaya nisomee, mwanangu. Nitalia, halafu nitajua pa kukanyaga. Usininyime ukweli kwa sababu unanipenda. Ukinipenda, nipe wote."