Lengalenga Nayo Ina Posti Yake

Kabeya na mke wake Mbombo walikuwa wamekwisha kuondoka. Nyumba yao ya kampuni ilikuwa na mtu mwingine. Vitu vyao vilikuwa kando ya reli, kwenye gare, stesheni ya Kolwezi, chini ya turubai. Treni ya Kasai haikuja. Watu walipika, walizika, walingoja. Jioni vijana wa mji walikuja kuwatupia mawe.

Kabeya alizaliwa Kolwezi. Kasai hakuijua. Kazi ya mgodini ilimtoka wenyeji walipoanza kufukuza watu wa asili ya Kasai. Lakini kila alfajiri aliamka saa ya posti, zamu yake ya zamani, akakaa juu ya masanduku.

"Unaenda kazi gani?" Mbombo alimtania.

"Mwili haiyajua bado kama balitufukuza."

Mtoto wao Darlène alianza kushindwa kuona jioni. Jua likizama, aliipapasa sahani yake. Muuguzi alisema: apewe mboga za majani na mafuta, upesi, asije akapofuka. Pesa ya mboga haikuwepo. Mbombo akapanda lengalenga, yaani mchicha, katika mabeseni mawili. Miche ikaota mirefu, myembamba kama uzi, yenye vijani vidogo. Ikalala.

Mama Huguette alikuwa akiwaletea maji. Alizaliwa Musumba, hakuwa wa asili ya Kasai, hivyo hakufukuzwa, na alikuwa amefundisha kilimo. Kwa sababu ya maji hayo majirani zake walimwita mama wa bilulu, yaani mama wa wadudu, maana ndivyo walivyowaita watu wa Kasai. Siku hiyo aliitazama miche, akaweka ndoo chini.

"Mama Mbombo, haya mabeseni inakalaka wapi?"

"Asubui pa jua. Mangaribi, bale bavijana bakikuya na majiwe yabo, mi naficha chini ya kile kichaka."

"Njo pale inaharibika. Kivuli ya majani, muche unaijua. Unasema: jirani amenipita, atakula jua yangu. Unakimbilia yulu, unasahau majani."

"Lakini muchana yote iko pa jua. Kivuli ni kidogo tu."

"Haiko wingi, mama. Ni saa. Muche uko na saa ndani yake. Unajua muchana na usiku, hata ukiufungia mu giza."

Kabeya akacheka kidogo. "Saa ya mukono?"

"Tata Kabeya, nani anakulamushaka asubui?"

"Hakuna mutu," Kabeya akasema.

"Basi lengalenga nayo iko na posti. Kivuli ikiikuta asubui, haishituke sana. Kivuli ile ile ikiikuta mangaribi, inaikuta pa kazi. Inarefuka mbio."

"Posti ya pili, ya mangaribi," Kabeya akasema polepole.

Mbombo hakuridhika. "Na majiwe? Hiyo saa yako haijue majiwe."

Karibu nao palikuwa na behewa bovu lenye paa bapa, refu kwenda juu. Kabeya alilitazama kwa muda. "Pale yulu jua ya mangaribi inafika. Mi nitaikala nayo. Bakitupa, batupe kwangu."

Huguette aliwaambia miche iliyokwisha kurefuka haitarudi kuwa mifupi. Aliwapa mbegu nyingine. Aliwaonyesha kuzitawanya, kisha kung'oa miche iliyobanana, maana inatiana kivuli yenyewe. Tangu hapo mabeseni yalikaa chini ya kichaka asubuhi, na juu ya behewa toka saa nane hadi jua kuzama. Kivuli hakikupungua. Kilihama saa tu.

Vijana walikuja. Jiwe moja lilimpasua Kabeya kwenye nyusi. Hakushuka.

Lengalenga ilitoka fupi, nene, yenye majani mapana. Mbombo aliichuma, akaipika kwa mawese. Alipika tena na tena. Jioni moja Darlène alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye bukari, ugali wa baba yake, akamega tonge.

"Wee, mwizi," Kabeya akasema. Mbombo akageuka, akafuta uso.

Treni ilikuja wakati wa mvua. Behewa bovu lilikatwa vipande likauzwa. Huguette alibaki Kolwezi. Majirani hawakumsalimu kwa muda mrefu, baadaye walikuja kuomba mbegu. Mbombo alifika Mwene-Ditu, kule Kasai, akauza mboga sokoni mpaka uzee wake. Darlène anaona vizuri. Ana watoto, na miche yake huipa jua la jioni. Kabeya hakufika. Homa ilimshika njiani. Alizikwa Kamina.