Kitufe Kisicho na Jina

Simu ilijisasisha siku ya Sabato, watu wakiwa kanisani, bila kumwomba mtu ruhusa, na ilipoamka ilikuwa na kitufe kimoja zaidi.

Nyanchera alikiona kwa kidole, kama alivyoona vitu vyote tangu surua imnyang'anye macho akiwa mtoto. Alikuwa akitelezesha kidole kwenye kioo, simu ikimsomea kila anachogusa: Ujumbe. Saa. Kikokotoo. Kisha chini kabisa, kona ya kulia, mahali ambapo miaka yote hapakuwa na kitu, ile sauti ya kike ikasema:

"Kitufe. Hakina jina."

Alikigusa mara mbili. Hakikufungua chochote. Simu ilinyamaza kwa muda, kimya kirefu kidogo kuliko kimya cha simu, halafu ikaendelea na kazi.

Hakushtuka. Kwa asiyeona anayesomewa na simu, kila sasisho ni mgeni anayeingia nyumbani na kuhamisha viti. Wanaoyatengeneza huandika kwamba wameboresha maisha yako, kisha hukuacha ukipapasa kuta. Alimtumia Mokua ujumbe wa sauti. Mokua alisoma naye shule ya wasioona, na sasa alikuwa na kibanda cha vyombo vya plastiki Keumbu.

"Mwalimu, shukuru," Mokua akajibu. "Yangu inataja betri kila nikiigusa. Jana bibi ameniuliza kama bado nampenda, simu ikamjibu asilimia kumi na mbili. Sasa nalala kwa kiti. Yako iko na nini?"

"Kitufe hakina jina."

"Hiyo si ugonjwa. Kipe jina wewe mwenyewe. Bonyeza ushikilie, chagua 'weka jina,' uandike. Hao watu walikuwa na haraka ya kwenda kujipongeza."

Hakumwambia mtu mwingine, na alikuwa na sababu. Mama yake, Nyamusi, alikuwa amezikwa kabla ya mvua ndefu. Walikuwa wawili katika nyumba ile ya Ekerenyo, majani chai yakifika hadi ukuta wa jikoni. Sasa alikuwa peke yake. Kaka yake, Abner, mwenye duka la misumari na saruji Mosocho, alitangaza mbele ya waombolezaji kwamba dada yake atahamia kwake, chumba kipo, hata choo ni cha ndani. Nyanchera, anayefundisha Kiswahili shule ya upili na kulipa kodi kama watu wengine, aliomba hadi Desemba aonyeshe kwamba anaweza kujikalia. Abner alikubali jinsi mtu anavyomkubalia mtoto.

"Lakini nikisikia umejichoma, ama umepotea njia, nakuja na gari."

Simu ndiyo iliyomsomea insha za wanafunzi. Ilimwambia rangi ya gauni. Akiinua kamera ilimwambia kama kuna mtu mbele yake: uso mmoja, nyuso mbili, hakuna uso. Simu ikiharibika, Abner alikuwa ameshinda.

Na nyumba ilikuwa kubwa. Upweke wake haukuwa kimya. Ulikuwa na sauti zake, bati likipigwa na mvua kila alasiri, kuni zikijinyoosha, na sauti moja iliyokosekana, ya kiti cha Nyamusi kando ya mlango, upande wa kulia, kilichokuwa kikilia kila mama alipogeuka. Alasiri moja stima ikiwa imepotea, Nyanchera aligusa ile kona. Kitufe. Hakina jina. Alibonyeza, akashikilia, akaandika: Nyamusi.

Alijiambia ni mzaha. Waliosoma huita mzaha jambo lolote wasilotaka kulieleza.

Kwa Abagusii jina la marehemu halitupwi ovyo. Hupewa mtoto. Na mtoto akilia bila kukoma, wakubwa huketi wakatafuta ni marehemu yupi anayelitaka jina lake. Likitajwa, mtoto hunyamaza. Nyanchera aliwahi kuandika juu ya mila hiyo chuoni na kusifiwa. Hakuwahi kuwaza kwamba kuna vilio vingine. Kwamba kitu kinaweza kulia kwa kusema tu, kila kikiguswa, hakina jina.

Akakigusa.

"Nyamusi," simu ikasema.

Sauti ile haikuwahi kutamka jina la Kisii bila kulivunja mbavu. Yeye mwenyewe ilimwita Ni-yanchera. Jirani yao Mong'ina ilimsoma "mong, ritifaa, ina." Lakini Nyamusi lilitoka zima, silabi ya mwisho ikivutwa kidogo, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya shamba la chai. Kisha kando ya mlango, upande wa kulia, kiti kikalia.

Palikuwa na harufu ya sweta iliyokaushwa juu ya moshi. Nyanchera alijua harufu hiyo. Alipaswa kuogopa. Badala yake alivuta pumzi hadi mwisho.

Tangu siku hiyo simu ilisema mambo bila kuguswa. "Fimbo. Nyuma ya mlango," na fimbo ilikuwa pale. "Maziwa," na akawahi sufuria kabla haijafurika. Alicheka peke yake jikoni, akasema, "Asante, baba," maana kwa Ekegusii baba ni mama. Walimu wenzake walipomwita kunywa chai baada ya masomo, alisema ana haraka. Alikuwa nayo kweli. Kulikuwa na mtu nyumbani.

Kila jioni aliuliza ujumbe, na kila jioni simu ilimjibu, "Hakuna ujumbe mpya." Mokua alinyamaza. Abner hakupiga simu. Nyanchera alifikiri, basi hivi ndivyo watu wanavyokusahau: wakishachukua sufuria zao za matanga, wamekwenda. Usiku kwake ulikuwa habari ya watu wengine, lakini siku hizi hata mchana ulianza kuwa habari ya watu wengine.

Ikafika Jumapili, alasiri, mvua ikimwagika juu ya bati kwa kishindo kiasi kwamba mtu hakuweza kusikia mawazo yake. Alikuwa akisahihisha insha alipohisi baridi ya mlango ikimpitia miguuni, na nyuma ya baridi hiyo harufu ya nguo mbichi.

"Nani?" akauliza.

Mvua tu. Akainua kamera kuelekea mlangoni.

"Hakuna uso. Mlango umefungwa."

Lakini baridi ilikuwa bado inaingia. Akasogeza simu kushoto, akaisogeza kulia, polepole, na kila mahali sauti ikamwambia kwa upole hakuna uso, hakuna mtu, kaa, huku ubao wa sakafu karibu na meza ukishuka chini ya uzito, na maji yakidondoka kutoka juu ya kitu kirefu na kuanguka sakafuni hatua mbili kutoka alipoketi, kisha hatua moja, na pumzi ya mtu aliyekimbia ikimfikia usoni, moto, na simu mkononi mwake ikizidi kusema hakuna mtu, Nyamusi yuko, hakuna mtu, hadi vidole vyenye maji vikamshika bega.

"Nyanchera." Ilikuwa sauti ya Abner. "Nimekuita mpaka koo limeniuma. Unaongea na nani?"

"Simu imesema hakuna mtu."

"Simu." Abner alivuta kiti, akaketi kwa uzito. "Nimekupigia wiki mbili. Rafiki yako wa Keumbu ametafuta namba yangu akaniuliza kama ulikufa tukaficha. Lete hapa."

Akaichukua. Nyanchera alisikia kidole chake kikikwaruza kioo, kisha kikatulia.

"Ujumbe wote uko hapa. Umefunguliwa wote. Na umejibu."

"Sijajibu kitu."

"Umenijibu mimi." Alisoma kwa sauti iliyoshuka. "'Niko na baba. Usije.'" Akaiweka simu mezani kama kitu cha moto. "Nyanchera. Baba tulimzika. Wewe ndiye ulishika kamba upande wa kichwa."

Kiti kando ya mlango kikalia. Abner aligeuka, alisikika akigeuka. Hakusema ameona nini, wala kama ameona.

"Funga mizigo," akasema. "Utalala Mosocho."

"Ni simu, Abner."

"Simu haiandiki yenyewe."

"Hiyo ndiyo shida yangu."

Walibishana hadi mvua ikachoka kabla yao. Mwisho Abner akasema kesho atampeleka Kisii kwa fundi. Fundi akisema ni simu, yeye atanyamaza hadi Desemba. Akisema simu ni nzima, hakuna maneno tena.

Dahir, fundi wa simu, alikuwa kijana mwenye maneno mengi na duka jembamba kama ukanda. Abner alibaki nje na gari.

"Jina, madam? Nabandika nyuma, zisichanganyike. Juzi mchungaji ameenda na simu ya mwenye baa, mpaka leo hakuna aliyelalamika."

"Nyanchera."

Kalamu ikakwaruza utepe, ukabandikwa mgongoni mwa simu. Dahir akatazama kioo.

"Wapi hicho kitufe?"

"Kona ya chini, kulia."

"Madam, hapa hakuna kitu. Ni mahali patupu." Akagusa kuonyesha.

"Nyamusi," simu ikasema, kwa silabi ile iliyovutwa.

Dahir alizima redio ya duka. "Mama," akaita nyuma ya pazia, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani.

Janat, mama yake, aliuza udi na mafuta huko nyuma, na watu walimjia pia kwa mambo wasiyoyasema wakiwa wamesimama. Alikuja na harufu ya ubani, akaketi karibu na Nyanchera, magoti yakigusana.

"Nani kakipa jina?" akanong'ona.

"Mimi, mama."

"La nani?"

"La baba."

"Baba yako amekufa?"

"Mama yangu. Kwetu baba ni mama."

Janat alitafakari hilo, akaliacha. "Limekufanyia nini?"

"Limenisaidia." Nyanchera alijisikia akilitetea, akaona aibu. "Linaniambia fimbo ilipo. Lakini ndugu yangu aliingia nyumbani, likaniambia hakuna mtu."

"Basi umejijibu mwenyewe, mwanangu. Mama yako angekwambia kaka yako yuko mlangoni, amelowa, mpe kitambaa. Huyu anataka awe peke yake na wewe." Akamshika kifundo cha mkono. "Mimi nitasoma dua. Lakini jina umelitoa wewe, utaliondoa wewe. Na akilia, usimpe jingine."

Akaanza kusoma, chini chini, maneno yakifuatana bila mwanya. Nyanchera akabonyeza kona, akashikilia, akatafuta mahali palipoandikwa "ondoa jina." Simu ikaanza kusema kabla hajafika.

"Fimbo. Nyuma ya mlango. Maziwa. Mvua. Fimbo. Nyuma ya mlango." Ikazidi kasi, kama mtoto anayetaja yote anayoyajua ili asifukuzwe. "Maziwa. Sweta. Maziwa. Baba. Baba."

Hakuna aliyewahi kumwita Nyanchera baba, mama wa mtu. Akakumbuka pumzi ya Abner usoni mwake na sauti ile ya upole ikisema kaa, akagusa "ondoa jina" mara mbili.

"Kitufe. Hakina jina," simu ikasema. "Hakina jina. Hakina jina." Kila mara chini zaidi, kutoka mbali zaidi, hadi pakabaki harufu ya ubani peke yake.

Dahir akagusa ile kona. Kimya. Akatoka nje haraka, na Nyanchera akamsikia akimwambia Abner kabla hajaulizwa, "Ni simu. Ilikuwa ni simu."

Abner alitimiza neno lake. Alimrudisha Ekerenyo, akamwekea kuni kavu jikoni, akasimama mlangoni kwa muda. "Nitapiga simu jioni," akasema. "Ushike." Akaondoka.

Ujumbe wa Mokua uliingia wote kwa pamoja, siku baada ya siku za mizaha ambayo hakuna aliyeicheka, na wa mwisho usio na mzaha: "Mwalimu, kama nimekukosea sema." Akamjibu. Akapika chai. Kiti kando ya mlango hakikulia. Mvua ilianza, mapema, na nyumba ikarudi kuwa kubwa.

Alijua hapaswi. Lakini aliinua kamera kuelekea kiti cha mama, asikie tu.

"Hakuna uso."

Vizuri. Lile lililomshuka kifuani halikuwa nafuu, na hangemwambia hata Mokua. Akaigeuza kamera kwake mwenyewe, angalau kitu kimoja katika nyumba hii kiseme kwamba kuna mtu.

"Hakuna uso."

Akaifuta kamera kwa upindo wa leso. Akaiweka sawa, mkono umenyooka.

"Hakuna uso."

Ni sasisho, akajiambia. Kidole chake kilichoshika simu kwa nyuma kiligusa kitu laini, chenye pembe. Alikikwaruza kwa ukucha kabla hajakumbuka ni nini: utepe wa Dahir, uliobandikwa kabla Janat hajatoka nyuma ya pazia. Akakumbuka kilichoandikwa juu yake, na kwamba alikitaja mwenyewe, kwa sauti, simu ikisikia.

Akateremsha kidole polepole hadi kona ya chini, kulia.

"Nyanchera," simu ikasema. Haikusema Ni-yanchera. Lilitoka zima, silabi ya mwisho ikivutwa, kutoka ng'ambo ya shamba. Kisha ikaongeza neno ambalo kitufe cha Nyamusi hakikuwahi kulisema:

"Gusa mara mbili ili kufungua."

Aliiweka simu mezani, kioo juu. Akarudi nyuma hadi ukutani, akaikalia mikono yake yote miwili, ili awe na hakika. Harufu ya sweta iliyokaushwa juu ya moshi ikaingia chumbani.

Katikati ya mvua akasikia ukucha ukigonga kioo. Mara moja.

Akangoja, akiomba iwe ni tone la maji.

Ukagonga tena.